Bilauri Nyekundu za Kadiri

Ipo nchi ambayo hakuna ramani inayoionyesha, ingawa hakuna mtu asiyeibeba. Inaitwa Kadiri. Atupele, binti wa Tukuyu aliyekuwa amemaliza chuo mwaka ule na bado anasubiri kupangiwa shule ya kufundisha, alifika huko mwanzoni mwa msimu wa kazi nyingi na akakaa mpaka kazi zilipopungua. Namna alivyofika haina uzito. Mwenyewe akisimulia hulipita jambo hilo haraka. Anachopenda kueleza ni mto.

Mto wa Kadiri ni mwekundu, wa vuguvugu, na haumwagiki baharini. Unazunguka. Unatoka mji mkuu, ambako ngoma moja hupigwa bila kukoma, unapita kila kitongoji na kila kichochoro, unagusa mlango wa kila nyumba, kisha unarudi mji mkuu na kuanza upya. Watu hunywa humo, na humo humo humwaga kila wasichokitaka. Atupele alipouliza kama hawaogopi kunywa na kumwaga mahali pamoja, walimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeuliza kwa nini ndugu wanakaa nyumba moja.

Wanachokiogopa ni ladha. Katika uwanja wa mji mkuu imesimamishwa ngazi ya vipandio kumi na vinne. Chini kabisa ni uchachu wa kutoboa chuma. Juu kabisa ni ukali wa magadi unaobabua ngozi. Na kutoka kipandio kimoja hadi kingine tofauti yake ni mara kumi. Mto wao hukaa juu kidogo tu ya kipandio cha saba, kati ya mikwaruzo miwili iliyokaribiana kiasi kwamba kidole gumba kinaifunika yote. Ukitoka nje ya mikwaruzo hiyo, upande wowote, kazi huanza kuharibika. Kuna chama kiitwacho Chama cha Katikati, ambacho kwa miaka mingi kimedai mto ushushwe mpaka saba kamili, kwa sababu saba ni nusu ya kumi na nne na haki ni haki. Wanachama wake ni watu wastaarabu. Wakiambiwa kwamba mto ukifika hapo nchi itakuwa mahututi, hujibu kwamba hilo ni suala la utekelezaji.

Kwa kuwa si kila mtu anaweza kwenda uwanjani kutazama ngazi, kila mtu mzima hutembea na bilauri yenye maji ya choya, maua yale yale ambayo kwetu tunapikia juisi. Atupele aliyatambua mara moja. Alipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, katika shule isiyo na maabara, aliyachemsha kwenye sufuria ya jikoni ili wanafunzi wake waone asidi na besi kwa macho yao. Kule Kadiri, ukitia maji ya mto kwenye bilauri na mto uko sawa, rangi huwa ya zambarau. Mto ukichacha, bilauri huwa nyekundu. Ukizidi ukali, rangi huelekea kijani. Watu wakikutana njiani huonyeshana bilauri kwanza, ndipo huulizana habari za nyumbani.

Na barazani, mwenye bilauri ya zambarau ndiye pekee anayeruhusiwa kusema. Sheria hiyo ilitungwa ili watu waliochafukwa wasiongoze mjadala. Hakuna aliyewahi kuona kasoro yake.

Mgeni hapewi bilauri. Atupele alipewa mwenyeji, na mwenyeji wake alikuwa Bi Mashavu, mlinzi mkuu wa Malango ya Upepo.

Malango hayo yako katika majumba mawili makubwa, moja kulia na moja kushoto, na mto hupita katikati ya yote mawili. Yanafunguka, upepo safi unaingia. Yanafungwa, moshi wa nchi nzima unatoka. Kamba zake huvutwa mchana na usiku. Bi Mashavu alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye viganja vigumu kama soli ya kiatu, na alikuwa na desturi ya kuzungumza kwa kufuata mwendo wa kamba, maneno mawili akivuta, mawili akiachia.

"Shikamoo mama," Atupele alimwamkia siku ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa mbali na kamba, itakunyanyua na wembamba huo. Kwenu hamli?"

"Tunakula, mama. Ndizi zipo tele."

"Basi zinakwenda wapi?"

Atupele alicheka. Kisha, kwa adabu, akasifu utulivu wa Malango. Alisema yanapendeza kwa jinsi yasivyosikika. Yeye mwenyewe, kwao milimani, alikuwa na tabia ya kujibana pumzi kila akikutana na mtu kwenye mpando, asionekane anahema. Aliamini kwamba kitu kilicho kizima hakisikiki.

"Ngoja msimu uchanganye," alisema Bi Mashavu.

Ndiye aliyemwonyesha wapweke. Hao huzaliwa kwenye matanuri. Popote moto unapowashwa ili kazi ifanyike, moshi hutoka, na moshi ule ukiingia mtoni hugeuka kuwa watu wawili: mpweke mmoja na mpokezi mmoja. Wapokezi ni watu waliotulia, wenye mikono mirefu. Wapweke ni wadogo mno, wana joto la homa, na hawana kitu chochote duniani, hata nguo ya kujisitiri. Mpweke akiachwa huru hukumbatia chochote anachokutana nacho: kamba ya daraja, mpini wa nyundo, mkono wa mhunzi. Kila anachokikumbatia hupinda na kuacha kufanya kazi yake. Wapweke wakiwa wengi, mto huchacha.

"Kwa hiyo ni wabaya," Atupele alisema.

"Nani kakwambia? Ungezaliwa hivyo wewe, usingeshika cha jirani?"

Ndiyo sababu sheria ya kwanza ya Kadiri, iliyo juu ya nyingine zote, inasema hivi: ukimwona aliye peke yake anatetemeka na ameng'ang'ania kitu, mshike mkono, mpeleke Malangoni. Haibagui anayeshika wala anayeshikwa. Atupele aliishuhudia ikitimizwa asubuhi ile ile. Mpweke mmoja alikuwa amening'inia kwenye ukingo wa daraja, na ukingo umeanza kupinda. Mpokezi mmoja, mwanamke aliyekuwa na safari zake, akasimama na kunyoosha mkono.

"Njoo," alisema. "Njoo twende."

Wakatembea pamoja mpaka Malangoni, na walipofika kwenye upepo, wale wawili wakawa vitu vingine viwili: moshi, ambao ulitoka nje, na maji, ambayo yalibaki mtoni yakiendelea na safari.

"Wamekufa?" Atupele aliuliza.

"Wamekuwa maji, mwanangu. Kwenu kuwa maji ni kufa?"

Atupele aliyafuata kwa macho maji yale yakienda zake. Alikumbuka sentensi aliyowaandikisha wanafunzi wake ubaoni: asidi hutoa, besi hupokea. Aliwaandikisha, wakaikariri, na hata siku moja hakuwaza kwamba kati ya kutoa na kupokea kuna anayengoja kushikwa mkono.

Kisha msimu ukachanganya.

Jimbo la Mapaja, ambako ndiko matanuri makubwa yaliko, lilipewa kazi nzito ya kuivusha nchi kwenye mlima. Huko ndiko alikofanya kazi Mwatima, binti wa pekee wa Bi Mashavu, mhunzi wa nyundo kubwa. Matanuri yaliwashwa yote. Hewa ikawa haitoshi, na moto unaowaka bila hewa ya kutosha una tabia mbaya: huzaa wapweke ambao hawana mpokezi pembeni. Wakaingia mtoni makundi kwa makundi. Wapokezi waliokuwepo wakawachukua mmoja mmoja, lakini kila mpokezi aliyekwenda Malangoni hakurudi kuwa mpokezi, na wakaanza kupungua mitaani.

Malango yakaanza kwenda mbio. Bi Mashavu aliacha kuzungumza kwa kamba. Alivuta tu na kuachia, jasho likimtiririka, na walinzi wake vivyo hivyo. Kishindo kilifika mji mkuu. Kikombe kikiwekwa mezani kilicheza. Watu wakaanza kulalamika kwamba hawalali.

Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Shamte, aliitisha baraza. Hakuwa mtu mwovu, na Atupele, aliyekaa kwenye viti vya wageni, alisisitiza jambo hilo kila aliposimulia. Alikuwa na sauti nzuri, kanzu iliyopigwa pasi, na mapenzi ya dhati kwa nchi yake. Aliinua bilauri yake, iliyokuwa bado zambarau, akasema:

"Ndugu wajumbe. Mwezi jana Malango yalikuwa kimya, na nchi ilikuwa salama. Leo Malango yana kelele, na nchi ina taabu. Sihitaji kuwatafunia. Kelele ndiyo ugonjwa."

Wajumbe walipiga meza. Bi Mashavu akaitwa mbele.

"Mlinzi mkuu, kwa nini unafungua haraka hivyo?"

"Sijui kueleza, Mheshimiwa. Maji yakija yamechacha, mikono yangu inakwenda yenyewe."

"Kwa hiyo hujui unachokifanya."

"Najua kukifanya. Kukieleza ndiko sijui."

Waliocheka walicheka. Akasimama Bwana Machano, msimamizi wa Machujioni, ofisi mbili zilizo nyuma ya nchi, kila moja kwenye kilima chake, ambazo watu wa mjini huziita Ofisi ya Kesho Kutwa. Alikuwa mtu wa kusema polepole, na alipokuwa akikohoa wajumbe wengine walitazama dari.

"Waheshimiwa, tatizo ni wapokezi wamepungua," alisema. "Sisi Machujioni tunaweza kutengeneza wapokezi wapya. Na wapweke waliozidi tunaweza kuwatoa kabisa, kwa mfereji wetu. Tunachoomba ni siku chache."

"Siku," alisema Waziri kwa upole. "Nchi inaungua, na Bwana Machano anaomba siku. Tuyaache Malango yaendelee kutupigia makelele mpaka yeye awe tayari?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," alijibu Machano. "Hasa hivyo ndivyo nilivyomaanisha."

Hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa kura zilikuwa zimeanza kupigwa. Sheria ya Mwendo Mmoja ilipita kabla ya chakula cha mchana. Malango yatafunguka na kufungwa kwa mwendo wa mwezi jana, polepole na kwa heshima, na yeyote atakayezidisha ataondolewa kwenye kamba. Walitumwa askari wa Utulivu kuzishika kamba. Bi Mashavu alitolewa nje, akaketi kwenye ngazi za jumba lake, mikono mapajani, ikiwa imekaa kama vitu vilivyosahauliwa na mwenyewe.

Mjini palikuwa na furaha. Vikombe vilitulia mezani. Watu walisema Waziri ni kichwa.

"Mama, utakula?" Atupele alimuuliza.

"Mwanangu yuko Mapaja," alisema Bi Mashavu. "Maji yakichacha, mikono ya wahunzi ndiyo inayotangulia kulegea. Baada ya wahunzi inakuja ngoma ya mjini. Sasa chakula nikile kipite wapi?"

Habari kutoka Mapaja hazikuchelewa, maana mto wenyewe ndio uliozileta. Msafiri mmoja aliyepanda na maji alisema wahunzi wameanza kuangusha nyundo. Alimtaja Mwatima. Alisema ameziona nyundo zake zikiwa chini na yeye akiitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Bi Mashavu aliinuka, akaenda hadi kwenye kamba, askari wakamzuia, akarudi akaketi. Hakupiga kelele. Atupele alitamani angepiga.

Basi baraza likaitishwa tena ili sheria ile ifutwe. Wajumbe walikuja wote, hata wale ambao huwa wanaumwa siku za vikao. Waliingia, wakaketi, wakainua bilauri zao. Zote zilikuwa nyekundu.

Hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kusema.

Sheria ingefutwa kwa hotuba moja, na hotuba ilihitaji bilauri ya zambarau, na bilauri zisingekuwa za zambarau mpaka sheria ifutwe. Kila mjumbe alilielewa hilo kwa wakati wake. Atupele aliona kuelewa kule kukipita kutoka uso hadi uso. Waziri Shamte alisimama, akaitazama bilauri yake, akaketi. Mjumbe mmoja akaigeuza yake kwenye mwanga, labda rangi itabadilika. Mwingine akaazima ya jirani. Ndipo mzee mmoja wa Chama cha Katikati akatoa kijifuko mfukoni, akachota magadi kwa ncha za vidole, akayatia kwenye bilauri yake na kuikoroga kwa kalamu. Ikawa zambarau safi. Akasimama.

Alizungumza kwa muda mrefu. Alisema bilauri yake, kama kila mtu anavyoiona, inathibitisha kwamba mto hauna tatizo. Alilipongeza baraza. Alimpongeza Waziri. Kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kusema, maoni yake yaliandikwa kuwa ndiyo maoni ya baraza, na nje ya dirisha ngoma ya mji mkuu ikaruka pigo moja.

Wote walilisikia. Waziri Shamte alishika ukingo wa meza. Alikuwa anatetemeka, uso wake umelowa, na vidole vyake vimekwama kwenye mbao kana kwamba meza ile ndiyo kitu pekee alichobakiwa nacho. Alikuwa na baraza zima kulia na kushoto kwake, na Atupele hakuwahi kumwona mtu aliye peke yake kiasi kile.

Mgeni haruhusiwi kusema barazani, wala kupiga kura, wala kuleta hoja. Atupele alijua. Lakini alikuwa ameisikia sheria ya kwanza, iliyo juu ya nyingine zote, na sheria ile haikumtaja mgeni wala waziri. Alishuka kutoka kwenye viti vya wageni. Akafika mezani, akaubandua mkono wa Waziri kidole kwa kidole, akaushika.

"Njoo, baba," alisema. "Njoo twende."

Katibu alifungua kinywa kumzuia, akaiona bilauri yake nyekundu, akafunga kinywa.

Walitoka. Waziri alimfuata kama mtoto anayepelekwa kliniki. Wajumbe nao wakainuka mmoja baada ya mwingine na kuwafuata, bilauri mkononi, mpaka mzee wa Chama cha Katikati akabaki akilihutubia jumba tupu. Watu wa mitaani waliona baraza lote likipita na hawakuuliza. Kila mmoja alikuwa amekwisha kuitazama bilauri yake.

Malangoni, askari wa Utulivu walikuwa bado wanashikilia kamba, lakini mikono ilikuwa imewalegea na macho yamewatoka. Walimtazama Waziri wakingoja amri. Waziri hakuweza kuitoa. Alisimama pale na bilauri yake nyekundu, akimtazama Bi Mashavu aliyekuwa kwenye ngazi, kisha akaiweka bilauri chini, akakunja mikono ya kanzu yake iliyopigwa pasi, akaishika kamba yeye mwenyewe na kuivuta.

Hakuvuta vizuri. Kamba ilimponyoka, ikamchuna.

Bi Mashavu alikuwa amekwisha kufika pembeni yake.

"Usivute kwa mikono, Mheshimiwa. Vuta kwa mgongo. Haya. Sasa achia. Achia, usiogope, itarudi. Vuta."

Askari wakashika kamba nyingine. Wajumbe wakajipanga nyuma yao. Malango yakaanza kwenda, kwanza kwa kusuasua, kisha kwa kishindo kile kile kilichokuwa kimewaudhi, na moshi ukatoka kwa wingi ambao hakuna aliyekuwa ameuona. Wapokezi waliosalia walipita mbio wakiwa wameshika wapweke mkono kwa mkono, wakafika kwenye upepo, wakawa maji. Hakuna aliyehesabu walivuta mara ngapi. Ila yule mjumbe aliyekuwa ameazima bilauri alisema ghafla, "Tazameni," na hapo ndipo wote walipojua kwamba amesema, na kwamba kwa hiyo anaruhusiwa.

Zilikuwa zambarau. Bado na wekundu kwa mbali, lakini zambarau.

Neno la kwanza la Waziri lilikuwa, "Maji."

Akapewa, akanywa. La pili, kwa bahati mbaya, lilikuwa hoja. Alisema sasa ameona mwanga: Malango lazima yaende mbio hivi daima, kwa sheria. Baraza, likiwa bado na jasho, likapitisha pale pale kwa kupaza sauti, na wajumbe wakaendelea kuvuta kwa juhudi mpaka jioni, hata baada ya Mapaja kupunguza moto. Midomo ikaanza kuwasha. Katibu aliyetakiwa kuandika sheria hiyo alikuta vidole vyake vimejikunja kama kucha za kuku na kalamu haishikiki. Bilauri zikaanza kuwa na ukijani.

"Mama," Atupele alisema, "mto sasa umezidi upande ule mwingine."

"Naona," alisema Bi Mashavu. Bila kuomba ruhusa kwa mtu alipunguza mwendo wa kamba, pole kwa pole, na wengine wakamfuata kwa sababu walikuwa wamechoka. Vidole vya katibu vikafunguka. Sheria ile haikuandikwa kamwe, na hakuna aliyekumbusha.

Walikuwa wameketi chini wote, wanapuliza viganja, pale Bwana Machano alipokohoa.

"Waheshimiwa, moshi umetoka," alisema. "Lakini wapokezi mitaani ni wachache bado, na kuna wapweke ambao hawana wa kuwashika. Kamba itawavusha leo na kesho. Haiwezi kuwavusha msimu mzima. Naomba zile siku zangu."

Waziri Shamte alitazama viganja vyake vilivyochubuka.

"Chukua," alisema.

Atupele alikwenda kutembelea Machujioni katika siku hizo. Hakukuwa na kishindo chochote. Mto ulipita kwenye machujio membamba, na watu walioketi kandokando waliutazama kwa makini ambayo mwanzoni aliyadhania kuwa uvivu. Kila mpokezi aliyepita walimrudisha mtoni, hata mmoja hakupotea. Wapweke waliozidi walipewa viongozi wa njia, watu wenye harufu kali ya kuchoma pua kiasi kwamba kila mtu huwapisha, na viongozi hao waliwashika mkono na kuwatoa nje ya nchi kwa mfereji. Na kwa kila mpweke aliyetolewa hivyo, mpokezi mpya alizaliwa na kuingizwa mtoni. Mmoja baada ya mwingine.

"Hamchoki kuitwa Kesho Kutwa?" Atupele alimuuliza Machano.

"Kesho kutwa inafika, dada," alisema Machano. "Tukifanya kazi leo inafika ikiwa nzuri."

Ilifika. Mto ulirudi kati ya mikwaruzo yake miwili bila tangazo lolote. Malango nayo yakapungua mwendo yenyewe, siku hadi siku, mpaka ikawa mtu akitaka kuyasikia lazima anyamaze. Mwatima alirudi nyumbani kupumzika. Alikuwa mrefu kuliko mama yake na mcheshi kama yeye, na jambo la kwanza alilofanya ni kumpa mama yake mkono na kuuminya.

"Taratibu, utanivunja," alisema Bi Mashavu, na hakuuachia.

Wizara ya Utulivu haikukaa bure. Ilisimamisha ubao mkubwa mbele ya Malango, umeandikwa kwa rangi ya zambarau: UTULIVU HUU UMELETWA KWENU NA SHERIA YA MWENDO MMOJA. Atupele aliusoma, damu ikamchemka, akamwambia Bi Mashavu kwamba ule ni uongo mtupu na ungepaswa kung'olewa.

"Uache," alisema Bi Mashavu. "Umekaa palipo na jua." Akaanika juu yake kanga zake mbili.

Lakini Atupele aliliona na jambo jingine, na hilo ndilo alilorudi nalo. Asubuhi nyingi, watu wakiwa bado hawajatoka, Waziri Shamte alikuja Malangoni amevaa nguo za kazi, akaomba kamba. Alisema ni kwa ajili ya mazoezi tu, daktari amemshauri. Alikuwa amejifunza kuvuta kwa mgongo. Na barazani mjumbe mmoja kijana alikuwa ameleta hoja kwamba siku bilauri zote zikiwa nyekundu, mtu yeyote aruhusiwe kusema, hata mgeni. Hoja ilikuwa bado inajadiliwa. Chama cha Katikati kilikuwa kimeomba muda.

Siku ya kuagana, Bi Mashavu alimshika Atupele mabega, akamtazama juu hadi chini.

"Bado mwembamba," alisema. "Haya, nenda. Tutakusikia."

Barua ya Atupele ya kazi ilikuwa imeshafika aliporudi kwao. Alipangiwa shule iliyo juu kabisa ya mlima, mahali ambapo gari huishia chini na walimu hupanda kwa miguu. Alianza kupanda asubuhi, begi mgongoni, na mkononi mfuko wa choya iliyokaushwa kwa ajili ya somo la kwanza. Katikati ya mpando miguu ikaanza kuuma. Ngoma ikapiga kifuani. Pumzi zikaja nzito na za haraka, kwa kishindo.

Mama mmoja aliyekuwa anateremka na mzigo wa viazi alisimama kumpisha. Zamani, hapo ndipo Atupele angejibana pumzi.

"Pole, mwalimu," alisema yule mama. "Kaa upumzike, unahema sana."

Atupele aliweka kiganja ubavuni, kulia, kisha kushoto, na akasikia Malango yakifunguka na kufungwa.

"Niache niheme, mama," alisema. "Kuna watu wako kazini."